Kuwatumia Wanariadha si Kuwatumikia

Lugha ya Kiswahili ina vitenzi viwili vinavyokaribiana mno kwa sauti lakini vimetengana mno kwa maana: kutumia na kutumikia. Vyote vimezaliwa na mzizi mmoja, ule ule unaotupa kitenzi kutuma, na kinachovitenganisha ni silabi moja tu. Anayetumia kitu hukielekeza kwenye haja yake mwenyewe. Anayemtumikia mtu huielekeza nafsi yake kwenye haja ya mtu yule. Nimeitanguliza sarufi hii ndogo kwa kuwa naona inatufaa kulipima jambo linalotajwa sana makanisani na shuleni siku hizi, nalo ni huduma ya Kikristo kwa wanariadha na wakufunzi wao.

Litein, katika Bureti, Kaunti ya Kericho, ni mahali pafaapo kuanzia mjadala huu. Hii ni nchi ya chai, ya vilima na hewa ya baridi, ambako vijana huonekana barabarani wakikimbia kabla jua halijachomoza. Papo hapo, Litein ni kituo cha kale cha Africa Inland Mission, na hospitali ya A.I.C. ingali inawahudumia wagonjwa. Ukivuka kuingia Bomet utaikuta hospitali ya Tenwek, nayo ni tunda la wamisionari. Nchi hiyo hiyo ya Kericho ndiyo iliyomtoa Wilson Kiprugut, Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, aliyetwaa shaba ya mita 800 huko Tokyo mwaka 1964 na fedha huko Mexico mwaka 1968, na ambaye alifariki mwaka 2022. Ndiyo iliyomtoa pia Beatrice Chebet wa Londiani, aliyenyakua dhahabu mbili, za mita 5,000 na mita 10,000, katika Michezo ya Paris mwaka 2024.

Kanisa na riadha, basi, ni majirani wa siku nyingi katika nchi ya chai. Swali ni je, ujirani huo ni wa namna gani?

Mara nyingi mambo huwa hivi. Kijana anapoanza kushinda, hualikwa kanisani asimame mbele ya waumini atoe ushuhuda. Huombewa kabla ya kusafiri. Arudipo na fedha, hufanywa mgeni wa heshima katika harambee ya paa la kanisa au ya basi la shule, na jina lake hutangazwa kwa sauti kuu. Haya yote yana uzuri wake, na mwanariadha mwenyewe huona fahari kuwarudishia watu wake. Lakini na tumfuate kijana huyo miaka mitatu mbele. Kano la kisigino limeumia, wakala hapokei simu zake, shamba alilonunua lina kesi mahakamani. Nani sasa anabisha hodi mlangoni pake? Ikiwa waliokuwa wakimwita mimbarani hawajui hata anakolala, basi hatuna budi kukiri kwamba kitenzi kilichotendeka hapo ni kutumia, hata kama midomo ilitamka kutumikia.

Wapo watakaouliza, kanisa lina haja gani na michezo? Jibu la kwanza ni la kale. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho waliokaa jirani na Michezo ya Isthmia, hakuona haya kuchukua mfano wa mbio kuelezea maisha ya imani. Jibu la pili ni la karne iliyopita. Mskoti Eric Liddell anakumbukwa kwa kukataa kukimbia mchujo wa mita 100 siku ya Jumapili katika Michezo ya Paris mwaka 1924, kisha akashinda mita 400. Wahubiri wengi huishia hapo, kwenye dhahabu. Ni wachache wanaoendelea kusimulia kwamba Liddell alikwenda China kuwa mmisionari, akafungiwa na Wajapani katika kambi ya Weixian wakati wa vita, akawa mwalimu na mpangaji wa michezo ya watoto waliokuwa kifungoni, na akafia humo mwaka 1945. Dhahabu ilimpa jina. Utumishi wake aliutimiza pale ambapo hapakuwa na mtazamaji wala kipaza sauti.

Mfano wa karibu zaidi uko Iten. Mwaka 1976, Bruda Colm O'Connell, mtawa wa shirika la Patrician kutoka Ireland, alifika katika shule ya St. Patrick's kufundisha Jiografia. Hakuwa amesomea ukufunzi wa riadha. Alijifunza kwa kuwatazama vijana wakikimbia, akakaa nao miongo mingi. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Peter Rono, bingwa wa mita 1,500 huko Seoul mwaka 1988, na David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 ya dakika 1:40.91 huko London mwaka 2012. Ninachokienzi hapa zaidi ya medali ni ile hali ya kukaa. Mtu anayekaa humwona mwanafunzi akishinda, humwona akishindwa, na humjua hata baada ya magazeti kumsahau.

Lakini kuna upande wenye machozi ambao hatuwezi kuupita kimya. Mnamo Septemba 2021, Agnes Tirop aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee. Mwezi uliofuata, akiwa na umri wa miaka 25, aliuawa nyumbani kwake Iten. Mnamo Septemba 2024, Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa amekimbia marathoni ya Paris wiki chache tu zilizotangulia, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake huko Trans Nzoia, akafariki baada ya siku chache. Ilikuwa Jumapili, naye alikuwa ametoka kanisani pamoja na binti zake.

Hebu tulitafakari neno hilo: alikuwa ametoka kanisani. Silisemi ili kulilaumu kanisa alilosali siku hiyo, maana mimi silijui. Ninalisema kwa kuwa linatuhusu sote tunaokaa kwenye viti vya ibada jirani na binti anayekimbia. Binti wa miaka 17 anapoondoka kwao kwenda kambini, mara nyingi mtu mmoja ndiye humpangia mazoezi, humtafutia wakala, humshikia fedha, na pengine humposa. Mamlaka yote hayo yakikusanyika katika mkono mmoja, binti akidhulumiwa atamweleza nani? Baada ya msiba wa Tirop, wanariadha wenzake na jamaa zake ndio waliounda shirika la Tirop's Angels ili kuwasaidia waathiriwa wa ukatili. Kanisa lililo katika kila kijiji, lenye akina mama wazee wanaoheshimika, lina nafasi ya kutangulia badala ya kufuata.

Huduma ya kweli, basi, ingekuwaje katika mahali kama Litein? Kwanza, kila binti aliye kambini apewe mama mmoja wa kanisa ambaye si mke wa mkufunzi wala jamaa ya wakala, mama atakayemjulia hali bila kumwuliza ameshika nafasi ya ngapi. Pili, kanisa lina waumini walio wanasheria, wahasibu na walimu. Wakae na kijana kabla hajatia sahihi, wamfafanulie mkataba kifungu kwa kifungu katika lugha aielewayo. Mimi mwanaisimu naamini kwamba watu wengi hunyang'anywa mali yao kwa sentensi ndefu ambazo hawakuelezwa. Tatu, waumini walio wauguzi na madaktari wamsaidie kijana kujua kilichomo ndani ya dawa kabla hajaimeza.

Jambo hilo la tatu si dogo. Wakenya wengi wamefungiwa kwa matumizi ya dawa zilizopigwa marufuku, hata serikali, mwishoni mwa mwaka 2022, ikalazimika kuahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano ili nchi isitengwe katika riadha ya dunia. Mhubiri anayeupokea ushindi kuwa muujiza bila kuuliza ulivyopatikana anamdhuru mwanariadha, na analidhuru pia lile neno ushuhuda, ambalo asili yake ni kusema kweli mbele ya hakimu.

Nao wakufunzi je? Hawa husahauliwa kabisa, hasa yule mwalimu wa michezo wa shule ya kutwa, anayepima muda kwa saa yake mwenyewe na kununua viatu vya mwanafunzi kwa mshahara wake. Timu ikishinda, mwalimu mkuu hupongezwa; ikishindwa, yeye hulaumiwa. Ni haki naye awe na mahali pa kuketi na wenzake, aseme yaliyomlemea, na aulizwe pia maswali magumu. Kumtumikia mkufunzi ni pamoja na kumkemea anapopotoka. Mchungaji anayemwogopa mkufunzi mashuhuri kwa sababu ya sadaka yake hawezi kumwokoa, wala hawezi kuwaokoa watoto walio chini yake.

Najua hoja itakayotolewa: kwamba kazi hizi ni za serikali na vyama vya riadha, na kanisa lijishughulishe na roho. Sikubaliani nayo. Hospitali ya Litein haikungoja ijadiliwe kwanza kama mwili wa mgonjwa ni kazi ya kanisa. Waliokwisha kukubali kufunga jeraha la mchuma chai hawana hoja ya kukataa kuliangalia jeraha la mkimbiaji.

Kwenu walimu na wanafunzi, ambao ndio wasomaji wa safu hii, ombi langu ni dogo. Katika kila darasa yuko mmoja aliyeshindwa katika mashindano ya wilaya na ambaye tangu hapo hakuna aliyemwita jina. Mwulizeni anaendeleaje na masomo. Yuko mwalimu wa michezo anayekula chakula chake peke yake baada ya timu kushindwa. Ketini naye. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kanisa likitaka kujua kama limemtumikia mwanariadha, lisihesabu vikombe vilivyo ofisini mwa mchungaji. Limtafute yule aliyeacha kukimbia miaka kumi iliyopita, limwulize yeye.