Kiti cha Mume Aogopaye Ndege

Katika mtaa wa Mangateen, mjini Juba, yuko mzee mmoja aliyelitumikia jeshi miaka mingi, na mkewe hajapata kumwona akitetemeka. Hata hivyo, binti yao alipoolewa Nairobi, mzee hakwenda; alisema kazi ni nyingi. Sasa binti amejifungua mtoto wa kwanza, na udhuru ni uleule. Ndipo mama alipomwuliza kwa upole, "Baba watoto, ni kazi au ni ndege?" Mzee akainama, kisha akajibu, "Ni ndege."

Waume wa namna hii si wachache, wala haifai kuwacheka. Askari wa Juba ana sababu ya kuogopa. Tarehe 30 Julai, 2005, Dk. John Garang alikufa katika ajali ya helikopta. Tarehe 4 Novemba, 2015, ndege ya mizigo aina ya Antonov ilianguka karibu na mto Nile punde tu baada ya kuruka kutoka Juba, na watu wengi wakapoteza maisha.

Kwa hiyo jambo la kwanza si kiti, bali ni ndege yenyewe. Tiketi na ikatwe katika shirika linalosafirisha abiria kwa ratiba. Mtu asidandie ndege ya mizigo kwa kuwa nauli ni nafuu. La pili ni saa. Safari ya asubuhi kwa kawaida huwa tulivu zaidi, kwani jua likiisha kuichoma ardhi, hewa ya moto hupanda na kuitikisa ndege. Tena katika majira ya mvua mawingu ya radi hujikusanya zaidi alasiri.

Baada ya hayo, ndipo kiti. Kila aliyepanda basi ajua kwamba wa nyuma kabisa ndiye arushwaye zaidi. Ndege nayo ni vivyo hivyo: mkiani hutikisika kuliko kwingine, na penye utulivu ni katikati, usawa wa mabawa. Katika ndege ndogo ya pangaboi, hapo ndipo penye kelele nyingi. Anayesumbuliwa na mvumo na asogee safu chache mbali na mapangaboi.

Dirishani au ujiani? Mwenye hofu aulizwe mwenyewe. Wako wanaotulia wakiiona ardhi, na wako wasiotaka kuiona kamwe. Katika ndege kama Boeing 737, yenye viti vitatu kila upande, mume akichagua dirisha au ujia, mke na akae kiti cha kati, karibu naye. Baadhi ya watu huchukua dirisha na ujia wakitumaini kiti cha kati kitabaki kitupu; ndege ikijaa, mgeni huketi kati yao, na mkono wa kushikwa huwa mbali. Safu ya mlango wa dharura ina nafasi nzuri ya miguu, lakini aketiye hapo hutakiwa awe tayari kuufungua mlango. Mwenye hofu asitwikwe mzigo huo.

Viti hivyo viombwe mapema, wakati wa kukata tiketi. Isipowezekana, wafike uwanjani mapema na mama aombe kaunta, bila kutangaza sababu mbele ya foleni. Ndani ya ndege, neno moja la siri kwa mhudumu latosha.

Ni kweli kwamba kiti hakibadili usalama wa ndege. Hubadili namna mtu anavyoihisi. Mabawa yakionekana kupindapinda, mzee akumbushwe kuwa yameundwa hivyo: kanuni zataka yahimili mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kabisa unaotazamiwa safarini. Mkanda na ufungwe muda wote, hata taa yake ikizimwa. Pombe isitafutwe kuwa dawa.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Mzee wa Mangateen alijificha nyuma ya kazi, akaikosa harusi ya binti yake. Siku aliposema kweli, mkewe alipata la kufanya. Kutoka Juba hadi Nairobi kwa ndege ni mwendo usiozidi saa mbili, na huko mjukuu anangoja kupakatwa.