DAWA YA KOLESTEROLI HAIMO KOPONI

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kinachojitembeza sana katika pwani yetu ya kusini, tangu Likoni hadi Msambweni na kuingia huku kwetu Kibuyuni, ni unga wa kopo. Muuzaji hupanda matatu, akashika chuma cha mlangoni na kutangaza: unga huu wasafisha damu, wayeyusha mafuta, wamaliza kolesteroli, na vidonge vya hospitali utavitupa mwenyewe! Watu hununua. Mimi napinga, na naomba wenzangu mnisikilize kwanza kabla ya kunicheka.

Tuelewane kwanza. Kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, si sumu. Ni aina ya mafuta ambayo mwili unayahitaji kujenga seli na homoni, na nyingi hutengenezwa na ini letu wenyewe. Taabu huanza ile iitwayo LDL inapozidi katika damu. Hujipachika kwenye kuta za mishipa kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi, hadi njia ya damu ikawa nyembamba mithili ya mfereji ulioziba taka. Ikiziba moyoni, moyo hushtuka. Ikiziba kichwani, mtu hupata kiharusi. Na ubaya wake ni kwamba haiumi wala haiwashi. Huijui mpaka upimwe damu.

Mjomba wangu ni mvuvi. Alipimwa, akaambiwa mafuta yamezidi, akapewa vidonge na kukatazwa vyakula fulani. Kisha akakutana na unga wa kopo. Vidonge akavitia kabatini, na chakula hakubadilisha hata kidogo, manake aliambiwa unga utafanya kazi yote. Baada ya miezi kadhaa akaamka mkono wa kulia hauinuki. Siwezi kuapa kwamba unga ndio uliomletea kiharusi. Ninachojua ni kwamba kinga aliyopewa aliiacha kabatini, na leo nyavu zake zashonwa na wanawe.

Hebu tutazame hizo dawa za kienyeji na za kopo. Kitunguu saumu kinasifiwa sana. Mwaka 2007 watafiti wa Stanford kule Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa watu 192, ambao baadhi yao walikula kitunguu saumu kibichi au vidonge vyake kwa miezi sita. LDL ya waliokula haikushuka kuliko ya wale ambao hawakula. Mlonge nao ni mboga nzuri, lakini utafiti wake kwa binadamu bado ni mdogo mno kuuita dawa. Upo pia unga wa mchele mwekundu wa Kichina, ambao kweli hushusha. Kumbe ndani yake mna kitu kile kile kilichomo katika kidonge cha hospitali kiitwacho lovastatini! Tofauti ni kwamba kidonge kimepimwa na unga haujapimwa, na waweza kudhuru misuli na ini. Hata balungi, tunda letu zuri, halipatani na baadhi ya vidonge vya kolesteroli. Kwa hivyo si kila kitu cha asili ni salama.

Wazee watasema, "Nyie watoto wa siku hizi! Babu zetu walikula nazi asubuhi na jioni na hawakuugua." Nawaheshimu, ila nina jibu. Daktari Mmarekani George Mann aliwachunguza Wamasai wa Tanzania, watu wa maziwa na nyama. Mwaka 1964 alieleza kwamba kolesteroli yao ilikuwa chini na ugonjwa wa moyo ulikuwa nadra. Mwaka 1972 akaeleza zaidi, baada ya kutazama mioyo na mishipa ya wanaume 50 waliokufa. Mafuta yalikuwemo mishipani, lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, na yeye alidhani ni kwa sababu ya kutembea sana. Babu zetu nao walipiga makasia na kulima kwa jembe. Sisi twapanda bodaboda kwenda dukani, kisha twataka kula kama wao.

Basi dawa iko wapi? Iko sufuriani. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni yale yanayoganda pakiwa na baridi, na hayo ndiyo yanayopandisha LDL. Simwambii mtu aache nazi, la hasha! Mpwani bila nazi ni mpwani gani? Nasema tui la kasimile tuliweke kwa Idi na arusi, na siku nyingine tutumie tui jepesi. Mafuta magumu ya kukaangia tuyapunguze, tutumie ya maji, na hayo pia kwa kiasi. Kunde, mbaazi, maharagwe na bamia tuziongeze. Hizi zina nyuzinyuzi laini zinazoishika nyongo tumboni na kutoka nayo, ndipo ini linapolazimika kuchukua kolesteroli kutoka kwenye damu ili kutengeneza nyongo mpya. Samaki tunaye mlangoni. Tumle wa kuchoma au wa kuchemsha badala ya kumzamisha kwenye karai.

Mtu asidhani hizi ni ndoto za mwanafunzi. Majirani zetu wa Bahari ya Hindi, kisiwa cha Morisi, walijaribu. Mwaka 1987 serikali yao ilibadilisha mafuta ya kupikia ya bei nafuu, ambayo mengi yalikuwa ya mawese, yakawa ya soya. Kufikia 1992 wastani wa kolesteroli ya watu wazima ulishuka kutoka 5.5 hadi 4.7. Na sufuria ilichangia kushuka huko!

Nakiri chakula hakimtoshi kila mtu. Wapo wanaorithi ugonjwa huu kwa wazazi, hata wale majani matupu damu yao haishuki bila vidonge. Ndiyo maana nasema chakula na kidonge ni ndugu, na asiyekuandikia kidonge asikuachishe.

Jambo moja zaidi, na hili ni letu wana Kibuyuni. Mama zetu wanalima mwani, wanaukausha na kuuza, na wanatengeneza sabuni. Ni kazi ya jasho na ya heshima. Isije ikawa kesho na sisi tunausaga mwani, tunautia koponi na kuutangaza kwamba unaponya kolesteroli. Jina jema la mwani wetu tusiliuze kwa uongo.

Walimu wetu wapendwa, nanyi nawaomba. Hapo langoni saa nne twauziwa viazi karai, bajia na chipsi zilizokaangwa kwa mafuta meusi yaliyorudiwa mara nyingi. Wale mama wakiombwa wauze pia muhogo wa kuchemsha, njugu na machungwa, sisi wanafunzi tutanunua, na wao hawatakosa riziki. Nanyi wenzangu, jioni mkifika nyumbani muulizeni mzazi swali moja tu: vidonge ulivyopewa hospitali, bado unameza? Akisema aliviacha kwa sababu ya kopo, mwambieni kwa adabu arudi kwa daktari kesho.