Mtoto Akivimba Uso, Mkojo Upimwe Kwanza

Mtoto wako akiamka macho yamevimba utafikiri nini? Kule Soy, kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale, kama kwingineko nchini, wako watakaosema ameumwa na mdudu, ana minyoo, au hali vizuri. Jioni uvimbe hupungua, nao wakubwa husahau. Siku chache baadaye miguu na tumbo navyo vimejaa.

Huenda figo zinavuja. Figo ni chujio la damu: hutoa uchafu na kubakisha protini. Chujio likiharibika, protini hupotelea katika mkojo, nao hutoa povu jingi. Mwili hujaa maji, mtoto akavimba. Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 6.

Hapa ndipo tunapokosea. Uvimbe huo hufanana na wa kwashakoo, na mama hulaumiwa bure. Huongeza maziwa, mayai na maharagwe, lakini ndoo iliyotoboka haijai kwa kuongezwa maji.

Kipimo chenyewe ni kijiti kinachochovywa katika mkojo. Rangi hubadilika, na jibu hupatikana kwa dakika chache tu. Kwa maoni yangu, mtoto aliyevimba asirudishwe nyumbani na dawa ya minyoo kabla ya kupimwa mkojo. Tangu 2013 zahanati ziko mikononi mwa kaunti. Basi Kaunti ya Uasin Gishu ihakikishe vijiti havikosekani.

Usitishike protini ikionekana kidogo, kwa maana homa peke yake yaweza kuileta. Mkojo wa kwanza wa asubuhi upimwe tena homa ikiisha. Ikiwa nyingi, omba barua ya rufaa ya kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Wengi wa watoto hawa hupata nafuu kwa vidonge vya prednisoloni, mara nyingi katika wiki 4. Lakini usivikatize ghafla eti uvimbe umekwisha: ni hatari, na ugonjwa huu hurudi mara kwa mara.

Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, hasa baada ya vidonda vya koo au vya ngozi, usingoje hata kesho.

Mzazi, ukifika zahanati usione haya. Sema: "Daktari, naomba mkojo wa mtoto upimwe."