Riviera: Bei ya chumba siyo bei ya likizo

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa bei za korosho, kahawa na dola. Wiki hii tunapima bidhaa nyingine, ambayo baadhi yao hununua kila mwaka na wengi wao hupata hasara: kitanda cha kulala kwenye pwani ya Mediterania.

Tumechagua pwani ya kusini-mashariki ya Ufaransa, yaani Côte d'Azur, kuanzia Cannes hadi mpaka wa Italia. Ni soko ambalo bei hubadilika mno katika mwendo mfupi. Treni moja ya kawaida hupita Cannes, Antibes, Nice, Villefranche, Monaco na Menton, kisha huingia Ventimiglia, mji wa kwanza wa Italia. Katika njia hiyo moja kuna chumba cha tajiri wa meli na chumba cha mwalimu wa shule.

Maoni yetu ni haya: mnunuzi mwangalifu asilale panapong'ara. Alale wanakolala wanaofanya kazi, karibu na stesheni ya reli.

Mfano wa Monaco

Monaco ni nchi yenye eneo la kilometa za mraba zipatazo mbili tu. Ardhi ni haba na wenye fedha ni wengi, hivyo kitanda cha huko hakina budi kuwa ghali. Lakini wanaopika, wanaofagia na wanaohesabu fedha za Monaco wengi wao hawalali Monaco. Makumi ya maelfu huingia kila siku asubuhi kutoka Ufaransa na Italia, na jioni hurudi makwao.

Mji wa Beausoleil, ambao ni wa Ufaransa, umegusana na Monte Carlo. Ukivuka barabara umebadilisha nchi, na bei nayo inabadilika. Bahari ni ile ile na jua ni lile lile. Ukienda mbali kidogo, Nice ni dakika zisizofika 30 kwa treni, na uko katika mji mkubwa wenye hoteli za kila daraja.

Kwa hiyo anayelipa bei ya Monaco ananunua jina. Kama jina hilo litamletea biashara, na alipe. Kama anachotaka ni kuogelea na kupumzika na watoto, fedha yake imepotea.

Hesabu ambayo wakala haifanyi

Kosa la pili ni kinyume cha hilo, nalo huwapata zaidi watu wa akiba ndogo. Ni kukimbilia kitanda cha bei rahisi kilichoko milimani.

Tuseme familia inapata chumba mlimani kwa euro 80 kwa usiku, na chumba cha Nice nyuma ya stesheni ni euro 110. Kwa siku saba inaonekana imeokoa euro 210. Lakini basi la mlimani likiisha mapema, familia hiyo itarudi kwa teksi kila jioni. Teksi ikiwa euro 35, kwa siku saba ni euro 245. Chumba rahisi kimekuwa ghali kwa euro 35, na bado hatujahesabu chakula wala uchovu wa watoto.

Mwandishi wa safu hii aliwahi kulipa ada ya somo hilo. Tangazo lilisema nyumba iko "dakika 15 kutoka baharini." Halikusema kwamba ni dakika 15 za gari, kwa mtu mwenye gari lake. Basi la mwisho lilikuwa limekwisha ondoka kabla hatujamaliza chakula cha jioni, na mwenye nyumba alikuwa amekwisha pokea fedha zote.

Hata majina yanaweza kumponza mgeni. Èze ziko mbili. Moja iko ufukweni, nayo ina stesheni ya treni. Nyingine ni kijiji cha kale juu ya jabali, zaidi ya mita 400 juu ya bahari, na anayetoka stesheni kwa miguu atapanda kwa zaidi ya saa moja. Asiyeuliza ni ipi atajua siku ya kubeba masanduku.

Soko lina tarehe zake

Katika karne ya 19 wageni wa pwani hii, hasa Waingereza na Warusi, walikuja kukimbia baridi ya kwao. Barabara ya ufukweni ya Nice, Promenade des Anglais, inabeba jina la Waingereza hao. Kiangazi kilikuwa msimu wa hoteli kufungwa. Karne ya 20 iligeuza mambo, na sheria ya Ufaransa ya mwaka 1936 iliyowapa wafanyakazi likizo ya wiki mbili yenye malipo ilichangia kuleta umati wakati wa jua.

Siku hizi Agosti ndio mwezi wa Wafaransa wenyewe kwenda pwani. Anayenunua kitanda mwezi huo anashindana na taifa zima. Aidha, kuna siku ambazo bei hupanda bila kujali hali ya hewa: maonyesho ya biashara ya majumba mjini Cannes mwezi Machi, tamasha la filamu mwezi Mei, na mashindano ya magari ya Monaco, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa mwishoni mwa Mei na kuanzia 2026 yamesogezwa mwanzoni mwa Juni.

Tungependekeza Septemba. Umati umepungua, na bahari bado ina joto la kiangazi chote.

Kwa wenye pasipoti zetu

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, uchaguzi wa kitanda unaanza ubalozini. Kanuni za Schengen zinataka viza iombwe kwa nchi utakakokaa siku nyingi zaidi. Ukilala siku tano Ventimiglia na mbili Nice, unaomba kwa Italia, si kwa Ufaransa. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, ombi halipelekwi mapema kuliko miezi sita kabla ya safari, na bima ya safari isiwe chini ya euro 30,000.

Ventimiglia ni mji wa watu wa kawaida, wenye soko kubwa siku ya Ijumaa, na wengi husifu bei zake. Lakini Ufaransa ilirudisha ukaguzi mpakani mwaka 2015 na imekuwa ikiuongezea muda. Polisi huingia ndani ya treni katika stesheni ya Menton Garavan. Mwenye ngozi yetu asidhani atapita bila kuulizwa. Pasipoti ikae mfukoni kila siku, isiachwe hotelini. Asiyetaka usumbufu huo asubuhi na jioni, alale upande ambao atautembelea zaidi.

La muhimu kuliko yote: usilipe fedha isiyorudishwa kabla viza haijatoka. Bei iliyopunguzwa kwa sharti la kutorudisha fedha inamfaa mtu asiyehitaji viza. Kwako wewe ni kamari.

Fleti au hoteli?

Wengi watauliza kuhusu fleti, kwa kuwa jiko hupunguza gharama ya chakula. Hoja hiyo ina uzito. Soko la Cours Saleya na lile la Libération mjini Nice huuza matunda na mboga asubuhi, na socca, chapati ya unga wa dengu, hushibisha kwa fedha kidogo.

Lakini fleti hiyo ingeweza kuwa makazi ya yule mhudumu anayeingia Monaco alfajiri. Nyumba zikigeuzwa vyumba vya wageni, mwenyeji husukumwa mbali na kazi yake. Ndiyo maana sheria ya Ufaransa ya Novemba 2024 imezipa halmashauri uwezo wa kupunguza siku ambazo mtu anaweza kukodisha makazi yake kwa wageni, kutoka 120 hadi 90 kwa mwaka. Ugavi wa fleti ukibanwa, bei haitashuka.

Sisi tunapendelea hoteli ndogo ya mjini. Akipenda fleti, mnunuzi atafute namba ya usajili kwenye tangazo. Katika mji kama Nice, fleti isiyo na namba ni mali ya mashaka. Aidha aulize kodi ya ukaaji, ambayo hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Watoto walio chini ya miaka 18 hawatozwi.

Kuna atakayelalamika kwamba ufukwe wa Nice ni wa kokoto. Ni kweli. Villefranche, yenye ghuba tulivu chini ya stesheni yake, haifiki dakika kumi kwa treni, na Antibes ina mchanga. Nauli ya treni ni ndogo kuliko tofauti ya bei ya vyumba.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kulipa uliza mambo matatu: stesheni iko dakika ngapi kwa miguu, basi au treni ya mwisho ni saa ngapi, na fedha yangu itarudi viza ikinyimwa? Muuzaji anayeshindwa kujibu hayo matatu, mwachie kitanda chake.