Si kila homa ni palu: Kasongo inajua hii tangu 1905

Wandugu raia, vijana wa Nyangwe, wa Kasongo, wa Kabambare, na ninyi wote mlioko Kindu, Bukavu, Goma, Lubumbashi na Kinshasa,

Kwetu homa ikianza, jibu liko tayari: ni palu. Mama anasema palu, jirani anasema palu, muuza dawa anasema palu mbele hata hajauliza swali. Mara nyingi wana haki. Congo ni nchi ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nijeria. Hatuko hapa kusema mbu ni mchezo. Lakini kuna homa ingine, dunia iliijua kwa njia ya nchi hii yetu, na leo sisi wenyewe tumeisahau. Yulu ya homa hiyo njo tunaandika.

Tuanze na historia kidogo, maana shuleni walitufundisha Nyangwe kama soko la watumwa, Livingstone na mauaji ya tarehe 15 Julai 1871, halafu basi. Kuna mambo mengine.

Mwaka 1903 waganga wawili wa Shule ya Magonjwa ya Tropiki ya Liverpool walifika Congo ya Leopold II kuchunguza ugonjwa wa usingizi. Mmoja aliitwa Joseph Everett Dutton, Mwingereza. Mwingine John Lancelot Todd, Mkanada. Dutton alikuwa kijana, lakini kazi yake ilikuwa imekwisha kujulikana. Kule Gambia alikuwa amechunguza mbu wa malaria na namna ya kuwapunguza mjini, na mwaka 1901 alitambua katika damu ya mtu kijidudu cha ugonjwa wa usingizi. Yeye njo alikipa jina la Gambia.

Walipanda mto mpaka Stanley Falls, leo Kisangani, halafu wakaendelea na Lualaba mpaka upande wetu. Njiani wakakuta homa ambayo wenyeji walikuwa wanaijua vizuri na walikuwa wanajua inatoka wapi: kwa kimputu, yule mdudu ambaye Waswahili wa mashariki wanamwita papasi. Yeye si kama kupe wa mbwa anayejishika kwenye ngozi siku nyingi. Papasi anakaa kwenye nyufa za ukuta wa udongo, chini ya mkeka, kwenye vumbi la sakafu. Usiku anatoka, anakunywa damu kwa muda mfupi, anarudi kujificha. Asubuhi hauoni kitu. Na anaweza kukaa miaka bila kula, anakungojea tu.

Dutton na Todd walihakikisha kwa majaribio jambo ambalo wenyeji walikuwa wanasema. Papasi wakimuuma nyani, nyani anashikwa na homa, na katika damu yake unaona kijidudu chembamba kilichojiviringa kama waya. Waliona tena jambo la kuogopesha zaidi: papasi mama anawarithisha watoto wake. Papasi mdogo aliyetoka kwenye yai leo, ambaye hajauma mtu hata mmoja, anaweza kukuletea ugonjwa. Maana yake nyumba ikishaingiliwa, ugonjwa unabaki mle hata wagonjwa wote wakipona. Karibu wakati ule ule, waganga wengine wawili kule Uganda, Ross na Milne, nao walifikia neno hilo hilo la papasi.

Kazi hiyo iliwaumiza wenyewe. Wote wawili walishikwa na homa ya papasi. Todd alipona. Dutton alikufa Kasongo tarehe 27 Februari 1905. Kijidudu kile mpaka leo kinabeba jina lake: Borrelia duttonii. Mwanafunzi wa udaktari wa Paris au Tokyo anasoma jina hilo. Kijana wa Kasongo mwenyewe, ni wangapi kati yetu wanalijua?

Tusimfanye mzungu huyo mtakatifu. Alikuja kwa mwaliko wa utawala uliokuwa unakata watu mikono kwa ajili ya mpira. Na wale waliomwonyesha kimputu, waliobeba mizigo yake, waliotoa damu, majina yao hayamo kwenye jina la kijidudu. Hiyo ni deni la historia. Lakini deni kubwa zaidi ni la leo: ujuzi ulipatikana huku, ukaenda Liverpool, ukaandikwa vitabuni. Je, umerudi kitandani kwa mgonjwa wa Nyangwe?

Tazameni namna tunavyotunzwa. Mtu ana homa kali, kichwa, viungo vyote vinauma. Anafanyiwa TDR. Kile kipimo ni kizuri, ni cha haraka, lakini kinatafuta kitu kimoja tu: malaria. Hakijui papasi. Kikisema hapana, mara nyingi mgonjwa anapewa dawa ya palu vile vile, "kwa usalama". Kikisema ndiyo, nayo haimalizi maneno, kwa sababu hapa kwetu watu wengi wanatembea na malaria kidogo katika damu bila kuugua. Homa inaweza kutoka fasi ingine.

Na homa ya papasi ina ujanja wake. Inakushika siku chache, halafu inakuacha yenyewe. Unasema dawa ya palu imefanya kazi. Kiisha karibu juma moja, inarudi. Unanunua dawa ya palu tena. Inaondoka, inarudi. Makuta yanaisha. Watu wanaanza kusema umerogwa, wanatafuta bibi mmoja wa kijiji wa kumshitaki. Wandugu, ni watu wangapi wamefukuzwa kwao kwa sababu ya homa ambayo tone moja la damu lingeeleza?

Wanaolipa zaidi ni mama wenye mimba. Homa hii inaharibu mimba, na inaweza kupita kwa mtoto tumboni. Wadogo sana nao inawaua haraka. Tusidhani ni habari ya zamani. Karibu miaka 100 baada ya kifo cha Dutton, watafiti walipekua nyumba za Mvumi, mkoa wa Dodoma, Tanzania. Walikuta papasi wenye vijidudu, na wakakuta vijidudu katika damu ya watoto waliokuwa na homa, na hata ya wengine waliokuwa hawana homa. Kule wameuliza swali. Sisi, ambako Dutton amezikwa, tuulize pia.

Jambo la kukasirisha ni kwamba dawa ipo, si ya bei kali, na wala si mpya. Antibiotiki za jamii ya tetrasiklini zinaponya. Kwa mama mwenye mimba na mtoto mdogo muganga anachagua ingine. Ila kuna onyo: saa za kwanza baada ya dawa, homa inaweza kupanda kwa nguvu na mgonjwa kutetemeka vibaya. Kwa hiyo si ya kununua barabarani na kumeza peke yako. Inatakiwa muganga akuangalie.

Na kipimo? Ni GE ile ile. Tone la damu kwenye kioo, rangi, mikroskopi. Jicho linalotafuta malaria linaweza kuona kijidudu cha papasi kwenye kioo kile kile, kama damu imetolewa homa ikiwa juu, na kama mtu wa maabara amefundishwa kukitambua. Hatuombi mashine ya mamilioni ya dolari. Tunaomba jicho lililofundishwa.

Mseme Kasongo haina uwezo? Miaka ya 1970 na 1980 kazi ya afya iliyofanyika Kasongo pamoja na Taasisi ya Tropiki ya Antwerp ilisomwa dunia nzima, na ilisaidia kuonyesha namna zone ya afya inavyoweza kufanya kazi. Mji huu umekwisha kufundisha wengine. Hauwezi kushindwa na GE.

Kwa hiyo sisi vijana tunadai mambo manne:

1. Wizara ya afya na ofisi ya afya ya Maniema waweke homa ya papasi kwenye mafunzo ya watu wa maabara na wauguzi wa Kasongo na Kabambare.

2. TDR ikikataa, au homa ikirudi baada ya dawa, mgonjwa afanyiwe GE, tena kwa bei ambayo mwananchi anaweza.

3. Wagonjwa wahesabiwe na hesabu itangazwe. Ugonjwa usiohesabiwa hauna bajeti.

4. Mtafiti yeyote atakayekuja kuchukua damu yetu au wadudu wetu arudishe majibu huku, kwa lugha tunayosikia, na afanye kazi na vijana wetu waliosoma.

Na sisi tusingoje serikali kwa yote. Tuzibe nyufa za kuta, tuinue vitanda kutoka chini, tutandaze mikeka juani, tusisahau chandarua kwa ajili ya mbu. Wandugu wanaokimbia vita wanalala chini kwenye shule na makanisa: tuwasaidie wapate vitanda. Na wewe wa mjini, ndugu akikupigia simu kutoka kijijini akisema palu imerudi mara ya tatu, usitume tu makuta ya dawa. Mwulize: wamekupima nini?

Swali hilo ni dogo, lakini halijaulizwa vya kutosha. Tuliulize kila fasi, mpaka wenye madaraka wachoke kulisikia na waanze kulijibu.