Jeshi halimtegemei mtu asiyechoka

Makampuni ya Dar es Salaam yamelipenda jeshi. Mwaka ukikaribia kwisha, mameneja hupakiwa kwenye basi kwenda Bagamoyo, wakakimbizwa mchakamchaka alfajiri, kisha mchana wakaketi ukumbini kumsikiliza ofisa mstaafu akizungumzia nidhamu na ustahimilivu. Jumatatu wanarudi kazini na maneno mapya. Kikao kimekuwa operesheni, lengo la mauzo limekuwa shabaha, na mfanyakazi anayeomba likizo anaulizwa kama askari anaweza kuomba likizo katikati ya vita.

Askari hupumzishwa katikati ya vita. Hupumzishwa kwa ratiba na kwa amri, hata asipoomba. Nimevaa gwanda miaka mingi upande wa ugavi, nikastaafu nikiwa sajini, na sasa nasimamia ghala na malori ya kusambaza vyakula. Vijana wa ofisini wananiita afande, madereva wananiita mama. Nimeziona pande zote mbili, na ninasema waziwazi kwamba ofisi zetu zimechukua sauti ya jeshi zikauacha mpangilio wake. Mpangilio ndio unaomfanya askari astahimili.

Tuanze na lindo, jambo ambalo kuruta hulijua mapema sana. Usiku wa kambi umegawanywa kwa zamu. Zamu yako ikifika, unaamshwa, unapelekwa mpaka penye lindo, na pale pale gizani mwenzako anakukabidhi: neno la siri la usiku ule, gari lililopita bila kuwasha taa, mbwa aliyekuwa akibweka upande wa bwawa, tochi ambayo betri zake zimeanza kuchoka. Mpaka useme umepokea, yeye haondoki. Ukishapokea, anakwenda kulala, na kulala kwake kumo ndani ya mpango wa ulinzi, maana mtu aliyekeshwa leo akikeshwa na kesho hataona kitu hata macho yake yakiwa wazi.

Kampuni ya kwanza niliyofanyia kazi uraiani ilikuwa na binti mmoja aliyeshughulikia nyaraka za mizigo bandarini. Yeye peke yake ndiye aliyejua nani aonwe kwa lipi, fomu ipi hutangulia ipi, na mzigo upi una kibali kinachokaribia kwisha. Kila kikao alisifiwa kwa uvumilivu wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka. Yeye alikuwa akiahidiwa mwezi ujao, na mwezi ujao haukufika. Siku alipolazwa kwa shinikizo la damu, makontena yalibaki bandarini, tozo za kuhifadhi mzigo zikawa zinapanda kila kulipokucha, na mkubwa mmoja akatuma mtu ampelekee kompyuta wodini. Nilimkuta ameketi kitandani, dripu mkono wa kushoto, anabofya kwa mkono wa kulia. Baadaye nikasikia ikisemwa kwenye korido kwamba vijana wa siku hizi si wastahimilivu.

Nilikasirika, na hasira hiyo bado ninayo. Jeshini, mpiga bunduki ya rashasha ana namba mbili wake ubavuni, anayembebea risasi na anayejua kuitumia bunduki ile kama yeye. Wa kwanza akianguka, wa pili anashika. Kamanda anayeacha silaha kubwa mikononi mwa mtu mmoja tu ataulizwa yeye, wala hataulizwa majeruhi.

Kuna usiku mmoja katika historia ya jeshi letu ambao ningependa kila mkurugenzi aujue. Machi 1979 majeshi ya Tanzania yalikuwa ndani ya Uganda, yakielekea Kampala. Brigedi ya 201 iliingia Lukaya, mji mdogo kwenye barabara itokayo Masaka, penye vinamasi. Wengi wa brigedi ile walikuwa mgambo, wakulima na vibarua waliochukuliwa miezi michache tu kabla. Jioni ya tarehe 10, makombora ya Katyusha ya Walibya waliokuja kumsaidia Idi Amin, mtawala wa Uganda, yakaanza kuvuma. Mengi yalipita juu ya vichwa vyao, lakini kishindo kilitosha. Safu ikavunjika, watu wakakimbia.

Ukisoma habari hiyo kwa macho ya ofisi zetu, utasema watu wale walishindwa, wapewe barua. Makamanda walifanya jingine. Waliigeuza Brigedi ya 208, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini-magharibi, ije ishike barabara ya Kampala. Wale wale wa 201 waliotawanyika wakakusanywa usiku na kupangwa upya. Alfajiri ya tarehe 11 brigedi zote mbili zikashambulia, moja ikitokea kusini, nyingine kaskazini-magharibi, na Lukaya ikarudi mikononi mwetu. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ikaanguka.

Angalieni ni nini kilichookoa siku ile. Hotuba ya moyo wa chuma peke yake isingewarudisha wale mgambo. Kulikuwa na kikosi kingine kinachoweza kugeuzwa. Kulikuwa na makamanda waliowakusanya waliokimbia na kuwapanga upya kwenye safu. Na kulikuwa na uamuzi kwamba mtu aliyevunjika jioni anaweza kusimama asubuhi akipata wa kusimama naye. Jeshi linajua kuwa binadamu huvunjika, kwa hiyo linajiandaa. Kampuni inayopanga kazi zake kana kwamba hakuna atakayeugua, atakayefiwa wala atakayejifungua, haijajiandaa kwa lolote, hata mameneja wake wakipanda ukuta wa kamba kila Desemba.

Jambo la pili tuliloliacha nyuma ni uhuru wa mtu wa chini kuamua. Wengi wanadhani jeshi ni kungoja amri. Waprusi walijifunza kwa machungu, baada ya Napoleon kuwasambaratisha huko Jena mwaka 1806, kwamba jeshi la namna hiyo hufa likingoja mjumbe. Mageuzi yao yaliishia kwenye utaratibu ambao majeshi mengi leo yanaufuata: mkubwa anaeleza anataka kifikiwe nini na kwa nini, namna ya kukifikia anamwachia aliye pale. Sasa mtazame dereva wangu mmoja, zamani, amekwama mlima Kitonga na shehena ya maziwa, mtambo wa ubaridi umezima. Fundi yupo Ilula, anataka fedha ambayo hata haifiki bei ya katoni chache za mzigo ule. Lakini utaratibu ulisema dereva asitumie shilingi bila idhini, na mwenye idhini alikuwa kikaoni, simu imezimwa. Dereva na utingo wake walikaa kando ya barabara mpaka jioni wakisikiliza maziwa yakiharibika nyuma yao. Siku hizi kila dereva wangu anaondoka na mambo mawili: fedha ya dharura anayoitolea hesabu akirudi, na sentensi moja kwenye karatasi ya safari inayosema mzigo huu ni wa nani na kwa nini hauwezi kuchelewa. Wanaamua vizuri kuliko mimi niliye Dar, kwa sababu wao wanauona mlima.

Kuhusu jambo la tatu, kuketi baada ya kazi na kuulizana nini kilipangwa, nini kilitokea, kwa nini, na safari ijayo tufanyeje, sitasema mengi. Wamarekani waliukuza utaratibu huo kwenye uwanja wao wa mazoezi wa Fort Irwin, jangwani California, miaka ya 1980, na sharti lake gumu ni moja: askari wa chini kabisa anaruhusiwa kusema kamanda alipotea njia. Asiye tayari kwa hilo asianze, maana atawafundisha watu wake kusema uongo kwa mpangilio.

Najua jibu la wakurugenzi: haya yote ni gharama, na askari hatumikii mshahara. Hilo la mshahara lisemwe kwa tahadhari katika nchi hii. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati ule, waliasi, wakidai mshahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza waliokuwa juu yao. Serikali ilitikisika, jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka ule ule Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likaundwa kwa msingi mwingine. Waliotii kila paredi walikuwa na hesabu zao moyoni kuhusu nani anapanda cheo na nani anabaki chini. Wafanyakazi wenu nao wanazo.

Kuhusu gharama, tuifanye hesabu pamoja. Chukueni bajeti ya semina ya mwaka huu: basi, hoteli ya ufukweni, posho, fulana, bahasha ya mzungumzaji. Kisha muulizeni mkuu wa kila kitengo amtaje mtu mmoja ambaye akiugua kesho kazi itasimama. Watataja haraka, maana kila mtu anamjua. Fedha ile imlipe namba mbili wa huyo mtu, aketi naye mpaka aijue kazi, na huyo wa kwanza aende likizo yake yote ya siku 28, simu ya ofisi ikiwa kwenye droo.