Unga, picha, kwaheri: Somo jipya la Gredi ya 10 litamfaa nani mtaani?

Picha hii Wakenya wengi wanaijua. Basi la shule linaegeshwa, wanafunzi wenye sare wanashuka na unga, mkate na maziwa. Wanasimama na watoto wa mitaani, simu zinatolewa, picha zinapigwa. Saa moja haijaisha, basi limeshaondoka.

Zamani hiyo ilikuwa kazi ya klabu za shule na vikundi vya dini. Sasa mambo yamebadilika. Tangu Januari 2026, huduma kwa jamii ni somo la lazima katika sekondari ya juu, sambamba na Kiingereza, Kiswahili na Hisabati. Zaidi ya wanafunzi milioni 1.1 walifanya mtihani wa KJSEA mwaka 2025, na hao ndio kundi la kwanza kukutana nalo.

Swali ni hili: mtu akilazimishwa kujitolea, bado anajitolea?

Shida yenyewe ni kubwa kiasi gani?

Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini Kenya. Nairobi pekee ilikuwa na 15,337, ikifuatwa na Mombasa. Wengi wao ni watoto na vijana.

Upande wa wakimbizi, Kenya inahifadhi zaidi ya watu 800,000, wengi wakiwa Dadaab na Kakuma. Mwaka 2025, wafadhili walipopunguza fedha, mgao wa chakula kambini ulishuka hadi asilimia 28 ya kiwango kamili. Njaa ya namna hiyo haimalizwi na katoni za maziwa kutoka kwa wanafunzi. Hiyo ni kazi ya serikali na mashirika makubwa.

Basi mwanafunzi afanye nini?

Afanye kile anachokiweza kuliko wengine. Mtaala unamtaka atambue tatizo la eneo lake, apange mradi, autekeleze, kisha atafakari alichojifunza. Kugawa unga siku moja hakutimizi hata nusu ya hayo.

Mfano mzuri uko kwenye lugha. Watoto wakimbizi Kenya wanasoma mtaala wa Kenya, Kiswahili kikiwemo. Kwa mtoto aliyetoka Sudan Kusini au Somalia, somo hilo linaweza kuwa mlima. Mwanafunzi wa Gredi ya 10 anayekaa naye saa moja kila wiki, wakisoma na kuongea, anampa kitu ambacho lori la msaada halibebi.

Na msaada hauendi upande mmoja tu. Mkimbizi kutoka mashariki mwa Congo huenda amekuja na Kiswahili chake tangu nyumbani, kwa hiyo yeye mwenyewe anaweza kuwa mwalimu. Somo hili linamhusu hata yeye akiwa darasani. Si haki abaki kuwa mtu wa kupokea tu.

Kwa watoto wa mitaani, kazi ngumu zaidi huja baada ya mtoto kukubali kurudi shule. Anakuta wenzake wamemtangulia, na wengine wanamwita chokoraa. Hapo rafiki mmoja wa kumsaidia hesabu na kula naye mezani anaweza kumfanya asirudi barabarani.

Wengine walianza mapema

Jimbo la Ontario, Kanada, linadai saa 40 za kujitolea kabla ya cheti cha sekondari. Maryland, Marekani, inadai 75. Saa ni rahisi kuhesabu. Kujua kama kuna aliyesaidika ni kazi nyingine kabisa.

Kenya ina hatari kama hiyo. Mwalimu mwenye darasa lililojaa na asiye na nauli ya kuwapeleka wanafunzi popote atavutwa na njia ya mkato: siku moja, picha kumi, alama zimejazwa.

Kuhusu picha, sheria ipo. Sheria ya Watoto ya 2022 inamtazama mtoto asiye na makao kama anayehitaji matunzo na ulinzi. Ile ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Sura ya mtoto anayenusa gundi haifai kuwekwa Facebook ya shule.

Kundi hili la kwanza litamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Kabla ya hapo, shule zinaweza kuanza na hatua isiyo na gharama: kuwauliza wanaosaidiwa wanahitaji nini, na kama wangependa wanafunzi wale wale warudi wiki ijayo.